Geji ya oil ilisoma sifuri, nikamvunjia heshima dereva wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Gisenyi, na sehemu inayoniaibisha sitairuka, maana ndiyo uzi wenyewe.

Mimi ni fundi bomba. Nilizaliwa Ngara, Tanzania, tukarudi Rwanda nikiwa kijana. Nina pick-up ya dizeli ya zamani, zile ambazo kila mwezi lazima zikuombe kitu.

Siku chache naitumia kubebea mabomba. Siku nyingine zote ilikuwa mikononi mwa Mzee Saidi, akishusha viazi kutoka Busasamana kuja mjini.

Mzee Saidi ni mwenyeji wa hapa mjini, mtu wa swala tano na maneno machache. Ameshika usukani zaidi ya miaka thelathini. Hawashi gari asubuhi kabla ya kuchomoa kijiti cha oil na kukiangalia.

Sasa, Jumapili moja niliona oil inavuja kidogo ubavuni mwa injini, pale kwenye sensa ya presha. Kwa asiyejua, hiyo sensa ndiyo inayoiambia geji ya kwenye dashboard kama oil inasukumwa vizuri.

Nikaifungua mwenyewe, nikaisafisha, nikaifunga tena. Uvujaji ukaisha. Nikajiona fundi wa kila kitu.

Wiki tatu baadaye Mzee Saidi akanipigia simu asubuhi. Alikuwa parking, pale madereva wa mizigo wanaposubiri kazi. Akasema, "Patron, kuja uone. Pression ya huile inaanguka." Patron ni bosi, huile ni oil.

Nikaenda. Kweli, mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri na injini inaunguruma.

Wakuu, nilipanic. Jirani yangu alishapoteza injini kwa namna hiyo. Dereva wake aliendesha bila oil, halafu akaijaza kimyakimya ili asijulikane. Hiyo ndiyo picha iliyonijia kichwani.

Mzee akazima gari, akachomoa kijiti, akanionyesha. "Angalia, huile iko. Mi sikuendesha kavu hata siku moja."

Badala ya kuangalia, nikapaza sauti. Nikamwambia ameongeza oil jana baada ya kuniulia injini. Nikanyoosha mkono, nikadai ufunguo mbele ya madereva wote waliokuwepo.

Akanipa. Alichukua kanzu yake iliyokuwa kwenye kiti na chupa yake ya maji, akaondoka kwa miguu.

Mnaoishi na madereva mnajua uzito wa neno hilo. Dereva akigonga gari watu wanasema ni ajali. Akiambiwa ameua injini, hakuna anayempa tena ufunguo.

Pick-up ikakaa uani kwangu miezi miwili. Niliamini pump ya oil imekufa, na roho iliniuma kila nikiiona. Mwishowe nikamwita fundi mmoja kutoka upande wa Goma, anaitwa Dido, aje aifungue injini.

Dido akakataa kuifungua. "Bon, kwanza tupime," akasema.

Akachomoa waya wa sensa, akaugusisha kwenye bodi ya injini, switch ikiwa on. Mshale ukapanda hadi juu. Maana yake geji ni nzima na waya ni mzima.

Kisha akatoa sensa yenyewe, akafunga pale geji yake ya mkono yenye mpira mrefu. Tukawasha, tukaacha injini ipate moto.

Presha ilikuwa nzuri kabisa. Akikanyaga mafuta, inapanda. Akiachia, inatulia mahali pake. Injini haikuwa na ugonjwa wowote.

Nikazima injini.

Dido akaigeuza ile sensa mkononi. Kwenye nyuzi zake za kufungia, kama za skrubu, kulikuwa na tepu nyeupe, ile ya kuzibia mabomba, imezungushwa vizuri raundi kama tano.

"Nani aliweka hii?"

Nikamwambia ni mimi.

"Patron, hii si tuyau ya maji. Sensa inapata masse kupitia hapa."

Tuyau ni bomba, na masse ni earth. Sensa ile ina waya mmoja tu. Upande wa pili wa umeme unapita kwenye nyuzi zake kwenda kwenye chuma cha injini. Mwanzoni nyuzi zilikuwa zimeikata tepu kidogo, umeme ukapita. Mtikisiko na oil vilipoingia, ukakatika, na mshale ukalala.

Sisi mafundi bomba tukifunga uzi bila tepu tunaona ni uvivu. Mkono ulienda wenyewe, sikufikiria hata kidogo.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa Mzee Saidi. Nilimkuta barazani anamsaidia mkewe kukunja nguo alizoshona. Nikaeleza yote, na tepu nikaitaja.

Akauliza kwanza, "Moteri iko muzima?"

"Injini ni nzima, mzee."

"Asante Mungu."

Wakuu, nililia mbele ya mkewe. Nikamwomba arudi kazini. Akatikisa kichwa: "Hapana. Macho yangu itakuwa ku geji kila saa, haitakuwa ku barabara. Mi nimekusamehe. Lakini ulisema ku parking, haukusema hapa."

Kesho yake nikaenda parking, nikasimama, nikasema kosa ni langu. Madereva wa siku ile niliwakuta wawili tu. Mmoja akainamisha kichwa: "Patron yangu alitaka kumupa Mzee Saidi camion, lori yake, aendeshe. Ni mimi nilimukataza."

Wengine walishahamia njia nyingine, Musanze, Kigali, hata Congo. Neno langu la kwanza waliondoka nalo.

Funzo ni hili: mshale ukilala, zima gari, angalia kijiti, kisha funga geji ya mkono kabla ya kufungua injini au mdomo. Na sensa ya waya mmoja usiizungushie tepu.

Karibuni mchangie, hata kunisema mniseme, nastahili.

Ila kama wewe ni mmoja wa madereva waliokuwa parking asubuhi ile, na sasa uko mbali unasoma hapa: Mzee Saidi hakuua injini. Waambie na wale uliowasimulia.