Pua ya Fundi Inayat

Fundi Inayat hamwamini mtu, na ngozi ndiyo kabisa haiamini. Miaka thelathini anakata makoti ya pikipiki hapa Sialkot, na kila ngozi huinusa kwanza. Ana sababu. Wauzaji hupaka rangi ngozi ya nyati wa kufugwa wakaiita ya ng'ombe. Ya nyati ni nene, lakini ngumu, na vinyweleo vyake wazi. Ya kondoo ni laini mpaka raha, ila mtu akiburuzika kwenye lami kidogo tu, koti limebaki matambara. Ya mbuzi ni nyepesi na inavumilia. Lakini ng'ombe ndiye mwenyewe, na Inayat akishasema huyu ng'ombe, hakuna wa kumbishia.

Baridi hii akaanza vituko. "Haina harufu ya ng'ombe! Mushtaq katuchezea!" Mushtaq, mwenye kiwanda cha ngozi kule Kasur, akaapa mpaka koo likakauka, wapi! Mizigo mitatu ikarudishwa. Sisi washonaji, tunaolipwa kwa koti, tukakaa mikono mapajani. Nikaanza kumshuku: mzee huyu kala mlungula kwa muuzaji mwingine. Haki ya Mungu, nilikuwa na hakika. Ulipofika mzigo wa nne, mwenye karakana, Haji Barkat, naye akachoka. "Inayat, ukiukataa na mzigo huu, ondoka nao."

Asubuhi ile nikakilowesha kipande cha ngozi kwa mafuta ya taa, nikampelekea mezani nione kama kweli ananusa au anaigiza tu. "Fundi, na hii je?"

Akaivuta puani, akafumba macho. "Yale yale! Haina kitu. Wezi wakubwa!"

Karakana nzima ilikuwa inanuka. Bashir, mtia vifungo, alikuwa keshaziba pua kwa shali. Mzee akamwona, akatazama vidole vyake vilivyolowa, akanigeukia.

"Umenipa nini, Tufail?"

"Mafuta ya taa, Fundi."

Sura ikamshuka. Mimi nilitaka kumuumbua mla rushwa, kumbe nimemvua nguo mzee wa watu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mke wangu akisema wali umeungua," akasema polepole, "mimi humwambia ananisingizia."

Tukasikia viatu vya Haji kwenye ngazi. Inayat akanyakua ngozi ya juu kwenye mzigo mpya, akanisukumia usoni.

"Nusa! Upesi!"

"Ng'ombe, Fundi."

"Si nyati?"

"Si nyati."

"Apa."

"Wallahi."

"Nani anasema wallahi? Si wewe uliyeninusisha mafuta ya taa?"

Akaipinda ngozi, akaisugua kwa dole gumba, akanikazia macho. Haji akasimama mlangoni.

"Vipi, unakata au unaondoka?"

"Nakata," akasema Inayat, akachukua kisu. "Ila huyu Tufail, Haji, kuanzia leo akae meza moja na mimi. Simwamini akiwa mbali."