Mbega Watatu Walikufa kwa Mikono Yangu, Akafukuzwa Mwenzangu

Ndugu wa ukurasa huu, nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu wengine wenu tunasali pamoja. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na mmoja, naishi Masasi.

Nafanya kazi kwenye bustani ya mapumziko nje kidogo ya mji, watu wanakuja kula na kupiga picha. Mwenye bustani, Mama Neema, alikuwa anafuga mbega watatu kwa kibali, kwenye banda kubwa la wavu. Aliyewatunza ni Baba Asha, mtu mzima wa Newala. Aliwapokea wakiwa wachanga, akawanywesha maziwa kwa chupa. Jike lao alilipa jina la mama yake mzazi, Somoe. Mimi nilikuwa jikoni, ila asubuhi nilimsaidia kukata matembele na majani ya kunde ya wale mbega.

Mwaka huu nikaanza kuharisha kamasi na damu. Zahanati wakasema ni amiba, wakanipa dawa za siku saba. Nesi akanisisitizia, "Mama, mpaka umalize dozi usishike chakula cha mtu." Siku ya tatu nikapata nafuu, na zile dawa zilinitia kichefuchefu, nikaziacha. Mama Neema alikuwa na sheria kwamba anayeharisha abaki nyumbani. Niliona aibu, mpishi mzima nikatangaze habari za choo. Chakula cha wateja nikamwachia mwenzangu wa jikoni, nikasingizia mkono unauma. Cha mbega nikaendelea nacho.

Wiki hiyo tangi la maji la bustani lilikauka. Asubuhi moja nilitoka chooni, nikajifuta mikono kwenye kanga, nikakaa kukata matembele. Maneno ya nesi niliyakumbuka, nisiwadanganye. Nikasema moyoni, hawa ni wanyama tu.

Baada ya siku kama kumi Somoe akaacha kula. Akawa anakaa kwenye kona amejikunja, anaharisha damu. Baba Asha alishinda naye bandani, akimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alikufa amemshika kidole. Kabla wiki haijaisha, wale wengine wawili nao wakafa.

Daktari wa mifugo akapasua mmoja, akapeleka sampuli maabara. Majibu yaliporudi akatukusanya.

"Hii ni amiba, na imetoka kwa binadamu," alisema. "Tumbo la mbega limezoea majani. Ugonjwa unaokusumbua wewe siku chache, yeye unamuua. Nani hapa ameumwa tumbo karibuni?"

Mama Neema akasema, "Anayewalisha ni Baba Asha."

Baba Asha akajibu taratibu, "Mimi sijaumwa. Lakini tangi lilipokauka niliwachotea maji ya bwawani. Labda ni hayo."

Nafasi ya kusema ilikuwa pale. Sikusema. Akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Mwezi uliopita nilipanda gari hadi Newala kumwomba msamaha.

"Shikamoo, Baba Asha."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kututazama."

Mkewe akaniwekea ugali wa muhogo na kisamvu. Kabla sijafungua mdomo, mzee akaanza yeye. "Wale watoto nimewaua mwenyewe kwa maji machafu. Mama Asha ananiambia nisahau, siwezi. Siku hizi hata mbuzi naogopa kuwanywesha."

Amekonda, mashavu yameingia ndani. Nikala kile chakula, nikashukuru, nikaaga. Niliyokwenda kuyasema nikarudi nayo Masasi.

Dawa nilizirudia, nikamaliza dozi, nikapima, nimepona. Wiki iliyopita Mama Neema akaniita. Kuna mbega wawili yatima ameahidiwa, na anataka niwatunze mimi. Anasema baada ya yale yaliyotokea anahitaji mtu msafi. Anasubiri jibu Jumatatu.

Nikisema ukweli, kazi sina, na kanisani nitakuwa gumzo. Nikinyamaza, mzee wa watu ataingia kaburini akiamini aliwaua aliowalea. Msinipe pole, sistahili. Niambieni tu nianze na nani, Mama Neema, au nirudi Newala nikamwangalie yule mzee usoni?