Siku Mjukuu Wangu Trafiki Aliponiandika

Naanza na aibu yenyewe ili msinizunguke kuitafuta: mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu kumi na mmoja, niliyewahi kumfukuza nguruwe pori shambani kwa mwiko, niliandikwa kosa na trafiki mchana kweupe pale Korogwe, mbele ya bodaboda, wauza vitumbua na watu waliokuwa wanasubiri basi, na aliyeniandika ni Zaina, mtoto wa binti yangu, niliyemwogesha kwa mikono hii. Kosa lilikuwa langu. Si lote, nusu, na mwenye nusu nyingine nitamtaja.

Mimi ni mtu wa Kwaluguru, kule Handeni, nalima mahindi na muhogo, na baiskeli naijua kuliko wanaume wengi kwa sababu marehemu mume wangu aliniachia yake na mashine ya kusaga ilikuwa mbali. Kwetu barabara ni ya udongo na ina upande mmoja tu, ule usio na mashimo. Leo uko kulia, mvua ikinyesha unahamia kushoto, na mkikutana na mtu mnasalimiana mpaka mmoja wenu aone haya ampishe mwenzake. Breki ilikufa zamani, nasimamisha kwa kandambili. Kengele sina, nina mdomo.

Basi Zaina alipopangiwa kazi Korogwe, nikaja Kilole, mtaa wa hapo hapo Korogwe, kwa mama yake kusalimia siku tatu, nikakaa miezi miwili (baiskeli nilikuja nayo, ilipanda juu ya basi kama mkubwa). Na sikukaa kimya. Dukani, bombani, msibani, kila aliyeniuliza habari za nyumbani nilimjibu kwamba mjukuu wangu ndiye yule trafiki aliyenyooka kama mwiba wa mkonge, anayeinua mkono malori yakasimama. Bodaboda akinipigia honi nilimwambia, "Punguza, unajua mimi ni bibi wa nani?" Wakawa wananipisha. Na mtu akishapishwa mara tatu huanza kudhani barabara aliilima yeye.

Siku hiyo asubuhi mama yake Zaina alinikalisha chini. "Mama," akasema, "watu wanalalamika. Wanasema Zaina anaandika watoto wa wenzake kwa kukosa kofia ya pikipiki tu, halafu bibi yake anapita anavyotaka. Mkubwa wake ameshamwita kumuuliza. Mtoto bado mgeni kazini. Nakuomba, ukitoka, tembea kwa miguu." Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia.

Ilipofika saa sita nikasonga ugali wa muhogo, nikapika na mlenda, nikaona nimpelekee mtoto kazini maana amekonda. Sasa kutembea, ugali utapoa, na ugali wa muhogo ukipoa unaweza kujengea choo. Nikaiangalia baiskeli, nayo ikaniangalia. Nikafunga sufuria kwenye keria, nikajifunga khanga ya pili kiunoni, nikaondoka.

Nikaingia kwenye lami upande wa kulia, na msinicheke kabla sijaeleza. Shule nilisoma madarasa mawili, na katika yote niliyofundishwa nilishika moja: barabarani tembea kulia, ulione gari linalokuja. Nikafikiri, kama mwenye miguu anatakiwa aone kinachomjia, mwenye matairi si zaidi? Tena gari la nyuma siliamini, ni kama mtu anayekusengenya. Kwa hiyo kote Korogwe nilikuwa naendesha nikitazamana na madereva uso kwa uso, na waliokuwa wanapiga kelele nilidhani wananiamkia.

Ikaja kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, imejaa karoti za Lushoto. Dereva, kijana wa Kisambaa, simu ameibana kati ya sikio na bega, anacheka. Mimi nikasema moyoni, atanipisha, Zaina yuko pale mbele anaona. Yeye hakusema kitu moyoni maana hakuwa ananiona. Tukaelekeana hivyo hivyo, mimi na kiburi changu, yeye na simu yake, mpaka alipoinua macho akakata usukani, tairi la mbele likaingia mtaroni, karoti zikamwagika kama mahari ya tajiri, na mimi nikateremsha kandambili zote mbili, nikateleza nazo juu ya karoti, nikaanguka chali. Sufuria ikanifuata. Mlenda, kwa asiyeujua, haumwagiki na kuisha, unamshika mtu.

Sikuumia, ila goti lilichubuka kidogo. Lakini watu walishajaa. Na watu wetu gari likikutana na baiskeli hawaulizi, mwenye gari ndiye mkosaji, utadhani umaskini ni leseni. Mmoja akachomoa ufunguo wa kirikuu, mwingine akamkunja yule kijana shati. "Unataka kutuulia bibi yetu?" (Bibi yao tangu lini, sijui.) Mama mmoja muuza vitumbua akaanza kuapa kwamba nilikuwa nimejiendea zangu kushoto, taratibu, kama bibi harusi. Nikaguna kidogo, watu wakazidi kupandwa na hasira, nikaona kumbe inafaa, nikaguna tena.

Zaina akafika na sare yake nyeupe. Akachuchumaa, akanishika mguu, mkono, shingo. "Umeumia wapi, Bibi?"

Hapa ndipo nilipojimaliza. Kwetu bibi na mjukuu wanataniana, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, huo ni utani wa nyumbani. Mimi nikautoa barabarani. "Mke mwenzangu," nikasema kwa sauti ya kusikika stendi, "mfunge huyu, halafu uje ule ugali uliobaki."

Watu wakacheka. Hawakunicheka mimi, walimcheka yeye. Bodaboda mmoja akakaa vizuri kwenye pikipiki yake akasema, "Leo tuone. Sisi kofia tu tunaandikwa." Mwenzake akajibu, "Uone nini? Ataandikwa Msambaa, bibi atarudishwa nyumbani kwa bajaji."

Zaina akasimama. Akatoa kalamu. "Bibi, ulikuwa unatokea wapi?"

"Nyumbani kwenu, Kilole. Unapajua."

"Unaelekea wapi?"

"Kwako."

"Ulikuwa upande gani wa barabara?"

Yule kijana akasema, "Afande, alikuwa ananijia usoni."

"Na wewe ulikuwa unaongea na nani," nikamuuliza, "mke au mganga? Umezoea kona za milimani, hapa tambarare panakushinda?"

"Kila mtu atajibu lake," Zaina akasema. "Bibi, upande gani?"

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, umeiva, na shahidi wa vitumbua yuko tayari. Nikisema kushoto, kijana anabeba yote, pengine na kipigo juu. Lakini Zaina alikuwa amesimama pale njia panda, alikuwa ameniona tangu nachomoza. Nikisema kushoto, ama akubali uongo mbele ya wale bodaboda, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayesimama akiinua mkono, ama amwite bibi yake mwongo hadharani. Alinitazama. Hakunitazama kama askari. Alinitazama kama zamani alipokuwa mdogo, anasubiri nimtoe mwiba.

"Kulia," nikasema.

"Wasikie na wa nyuma," Zaina akasema.

"Nilikuwa kulia. Na breki sina. Na kengele sina. Andika."

Aliyemkunja kijana shati akamwachia. Yule mama wa vitumbua akarudi kwenye kikaango chake. Kijana akavuta pumzi, akasema mwenyewe bila kuulizwa, "Na mimi nilikuwa na simu, Afande. Ningekuwa naangalia mbele ningemwona kutoka mbali."

Zaina akatuandika wote wawili. Akatuambia, na alikuwa anawaambia na wengine, kwamba mwenye miguu hukaa kulia lakini mwenye baiskeli hukaa kushoto kama magari, na mwenye gari naye aache simu aangalie, kwa sababu barabara ni moja na kosa la mmoja linamwangukia mwenzake. Kisha akanigeukia: "Jina lako kamili?" Mimi, niliyempa yeye lake. Nikalitaja lote, mpaka la babu. Baiskeli akaizuia mpaka ifungwe breki. Nikapiga magoti kuokota karoti na yule kijana, mlenda ukining'inia kwenye ushungi, naye akaniambia pole pole, "Pole, Bibi," nikamjibu, "Na wewe pole, mjukuu wangu, ila simu uzime."

Niliendelea kukaa Kilole wiki moja zaidi, najifungia ndani kwa haya, mpaka mama yake Zaina akaniletea habari: bodaboda wakimwona Zaina kwa mbali sasa wanaambiana, "Vaa kofia, huyo alimwandika bibi yake." Mkubwa wake hajamwita tena.

Nimerudi Kwaluguru na baiskeli yangu ina breki mbele na nyuma, na naendesha kushoto hata penye mashimo, watu wanadhani nimerukwa na akili. Nawaambia wenzangu wenye watoto wenye vyeo: mwacheni mtoto avae sare yake peke yake. Mimi nilijaribu kuingia humo na baiskeli, haikututosha, na sitajaribu tena.