Kutafuta Kipanya cha Kidole Gumba, Kyebando hadi Mjini

Jumanne, saa nne asubuhi, chumbani kwangu Kyebando, nilipiga ukelele mpaka mama mwenye nyumba akaacha kufua akaja mbio mlangoni, povu likimtiririka mikononi.

"Mama Furaha! Umeme umekukamata?"

Umeme haukunikamata. Nilikuwa nimepoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya kitufe kimoja, na ilikuwa mara ya tatu katika wiki moja. Mara ya kwanza nilisema bahati mbaya. Mara ya pili nililia kidogo nikaendelea. Mara ya tatu subira ikaisha kabisa.

Ninyi mlioko Uvira huniuliza kila mara kwenye simu nafanya kazi gani huku Kampala, nami hujibu "ya kompyuta" ili tusichelewe. Leo nitaeleza. Ninaweka alama kwenye picha. Kompyuta inaniletea picha ya barabara, nami nazungushia kisanduku kila gari, kila mtu, kila ng'ombe aliyepotea njia. Mkono wa kulia unashika kipanya. Mkono wa kushoto uko kwenye kibodi: herufi moja inasema hili ni gari, nyingine inasema huyu ni mtu, nyingine inafuta kosa. Shida ni kwamba mkono wangu wa kushoto una mwenyewe. Ana miezi mitano, anaitwa Furaha, na ananyonya kama mtu aliyeambiwa maziwa yatakwisha kesho.

Kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi kwa mkono mmoja, polepole. Okello, msimamizi wetu, mtoto wa askari aliyezaliwa na kukulia kambini, alinipigia simu Jumatatu. Kiswahili chake ni hichohicho cha kambini: "Mama Furaha, wewe najua kazi, lakini iko polepole sana. Ijumaa wakubwa natoa watu ya chini. Mimi sitaki jina yako iwe pale."

Wiki moja kabla, mwenzangu wa kazini alikuwa amenieleza habari za vipanya vya wacheza gemu. Vina vitufe pembeni, chini ya kidole gumba, na kila kitufe unakipa kazi unayotaka: wewe uwe herufi ile, wewe uwe kufuta. Kidole gumba kinafanya kazi ya mkono wa kushoto. Nilishuka mjini nikanunua kimoja cha bei nafuu. Boksi lilikuwa na maandishi mekundu: vitufe saba, vyote vinapangwa. Nilipofika nyumbani, vile viwili vya pembeni vilikuwa vinajua kazi moja moja tu. Kimoja kinarudisha ukurasa nyuma, kingine kinaupeleka mbele. Ukivifundisha havifundishiki. Na kila kidole kilipoteleza juu ya kile cha kurudi nyuma, ukurasa ulirudi kweli, na picha zote ambazo sijatuma zikapotea.

Basi nilimfunga Furaha mgongoni, nikakirudisha kile kitu ndani ya boksi lake, nikafunga mlango.

Saa tano kasoro, Kalerwe. Nilipita kati ya mafungu ya nyanya na wanawake wanaomenya ndizi, nikitembea kama nimetumwa kumkamata mtu. Mwenye pikipiki mmoja aliona.

"Nyabo, mama, twende. Leo iko na hasira! Nani alikukosea? Mume?"

"Hapana. Duka."

Akatikisa kichwa. "Bambi, pole. Duka ni mbaya kuliko mume. Mume narudisha kwa mama yake. Duka narudisha wapi?"

Nilicheka, kisha nikakasirika zaidi kwa kuwa nimecheka. Nikapanda.

Saa tano na nusu, mjini, ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka. Maduka ya humo ni madogo kama kabati, na mwenye duka hukaa mlangoni kwa sababu ndani hamna pa kukaa. Aliyeniuzia ni mama mmoja wanayemwita Nalongo. Ndivyo huku wanavyomheshimu mwanamke aliyezaa mapacha, mpaka jina lake jingine hulijui. Nilimwekea boksi mapajani.

"Umenidanganya. Hiki hakipangwi hata kidogo!"

Akaniangalia kwa utulivu. "Nyabo, salamu iko wapi? Hata mwizi nasalimia kwanza."

Wateja wawili wakacheka. Nikamsalimia kwa meno. Naye akajibu, akauliza hali ya mtoto, hali ya nyumbani, hali ya njia, ndipo akaligeuza boksi.

"Hii si yangu."

"Nilikulipa wewe!"

"Ulilipa mimi, ndiyo. Lakini kitu iko ya Hassan, ghorofa ya pili."

Hapo nikakumbuka. Siku ile nilipomuuliza, alisema "iko, kaa," akanipa kigoda na maji ya kunywa, akatoka, akarudi na boksi. Mimi nilidhani amekitoa stoo kwake. Kumbe ndivyo wanavyofanya wote: mteja hapewi neno "sina". Anakalishwa, mwenye duka anakwenda kuchukua kwa jirani, anaongeza chake, anakuuzia. Si wizi. Ni ujirani. Lakini siku kitu kikiharibika, ujirani huo unakuwa ngazi, na wewe ndiye unayeshuka.

Saa sita, ghorofa ya pili. Hassan ni mwembamba, ana miwani, na Kiswahili chake ni cha Mombasa alikokulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi nilimuuzia Nalongo. Na mimi mwenyewe nilikichukua chini kabisa, kwa muuzaji wa jumla."

"Hukukijaribu?"

"Boksi limefungwa kwa nailoni. Ikipasuka, hapokei tena, boksi ni langu. Ningejaribuje?"

Ikabidi nisimame nifikiri. Nalongo hakukigusa. Hassan hakukigusa. Watu wawili waliniuzia kipanya ambacho hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona, na wote wawili walisoma maandishi mekundu yaleyale niliyoyasoma mimi.

Furaha akaanza kulia. Hassan akanisogezea kigoda, nikakaa nikamnyonyesha, naye kwa adabu akageukia rafu zake akanipa mgongo. Hivyo ndivyo nilivyopata somo langu la vipanya, kutoka kwa mtu anayezungumza na ukuta.

"Kosa lako, dada, ulihesabu vitufe," akaiambia rafu. "Usihesabu. Uliza programu yake iko wapi. Kisicho na programu hakipangwi, hata kikiwa na vitufe ishirini. Vile viwili vya pembeni kila kipanya siku hizi kinavyo."

"Na zile taa?"

"Taa hubonyezi. Usizilipie. Kompyuta ni yako?"

"Ya ofisi. Hairuhusu kuingiza programu yoyote."

Akataka kugeuka, akakumbuka, akairudia rafu. "Ungeanza na hilo! Basi wewe unataka kinachokumbuka chenyewe. Vingine vinahifadhi kazi ya vitufe ndani yake. Unakipanga hapa kwangu, unakwenda nacho, kila kompyuta utakayokichomeka kinajua la kufanya. Vingine ukivitoa tu, vimesahau."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hilo. Hata kama kile cha wiki iliyopita kingekuwa cha kweli, kingenifia mezani.

Nikampigia Okello kumuuliza kama ofisi inakubali kipanya cha namna hiyo. "Wewe tumia mkono, tumia mguu," akasema. "Mimi naangalia picha."

Saa saba kasoro, chini ya ardhi. Nilipokuwa naondoka kwa Hassan, Nalongo alikuwa anashuka ngazi, kitabu cha risiti kwapani. "Nilifikiria huyu mtoto," akasema. Akamtoa Furaha mgongoni mwangu akamfunga mgongoni mwake, tukashuka wote.

Muuzaji wa jumla alikuwa amekaa kati ya makatoni, simu mkononi. Nikamwekea boksi mbele, akalitupia jicho bila kuinua kichwa.

"Nailoni imepasuka."

"Ningejuaje kwamba ni kibovu bila kuipasua?"

"Hiyo si shida yangu. Soma ukuta."

Ukutani palibandikwa karatasi: ukifungua, umenunua. Nikamwambia boksi lake linasema uongo. Akasema yeye si mwandishi wa boksi. Hapo Nalongo akafungua mdomo kwa Kiganda. Nilielewa nusu, na nusu niliyoielewa haiandikiki. Furaha mgongoni mwake alikuwa anatikisika na kufurahi. Yule bwana akainua kichwa mara ya kwanza, akatuangalia wote watatu, akarudi kwenye simu yake.

Tulipanda ngazi. Kwenye kona Nalongo akasimama. "Mimi iko nazo saba," akasema. "Hizohizo. Nilichukua juzi huku chini, kwa sababu yako ilienda haraka."

Nilimtukana asubuhi mbele ya wateja wake. Nikamshika mkono.

Saa saba na nusu, kwa Hassan tena. Akatoa kwenye droo ya chini vipanya vilivyotumika, vilivyotoka kwenye ukumbi wa gemu uliofungwa. Hivyo, kwa kuwa havina nailoni, anaruhusiwa kuvijaribu atakavyo. Nilichagua kimoja cheusi, hakina taa, kimelika mahali ambapo kiganja cha mtu fulani kilikaa siku nyingi. Kilinienea mkononi. Vitufe vitatu pembeni, na kidole gumba changu kilivifikia vyote bila kunyooka. Cha kwanza nilichotaka sana, chenye vitufe kumi na viwili, kilikuwa kizito na kipana, cha mkono wa mwanamume, nikakirudisha.

Hassan alikichomeka, akafungua programu yake, akaniuliza herufi zangu, akaziandika. Akakitoa, akakipeleka kwa jirani, akakichomeka huko. Kikakumbuka. Nilikijaribu nikiwa nimempakata mtoto, kwa sababu ndivyo nitakavyokitumia. Kile kibaya alikichukua, nikaongeza pesa kidogo. "Nitakiuza kama kipanya cha kubonyeza tu," akasema, "na nitamwambia mnunuzi hivyohivyo."

Jioni nilikuwa Kyebando. Jumatano kidole gumba kiliniuma. Alhamisi kilizoea. Ijumaa mchana Okello alipiga: "Jina yako haiko. Lakini iko karibu, eh! Endelea." Nikasema nitaendelea, nikakata simu, nikarudi kwenye picha.

Nilichojifunza ni kwamba atakayekuuzia kitu chochote huku, muulize kwanza amekitoa wapi, na kama amewahi kukigusa. Ukisahau hilo, usisahau salamu. Hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini niliimwaga kwenye ghorofa isiyo yake. Jumatatu nikaipeleka mahali pake kwa barua, ofisi ya meneja wa jengo. Karani akasoma mstari wa kwanza akauliza, "Malalamiko ya kipanya?" Nikamwambia ndiyo, piga muhuri. Akapiga. Niliandika kwa Kiingereza cha shule. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Kwa Meneja. Mimi ni mkazi wa Kyebando na mteja wa jengo hili. Nalilalamikia duka la jumla lililo chini ya ardhi. Linauza vipanya ambavyo maboksi yake yanasema vitufe vyote vinapangwa, na havipangwi. Nimejaribu kwa mkono wangu. Nililirudishia likakataa kwa sababu nailoni imepasuka. Kanuni ya 'ukifungua, umenunua' inamlinda mtu mmoja tu, aliye chini. Walio juu yake wanauza wasichokijua, na mteja ananunua asichokiona, halafu tunatukanana sisi kwa sisi kwenye ngazi.

Naomba mawili. La kwanza, kila duka linalouza kipanya kwenye boksi liwe na kimoja kama hicho kilichofunguliwa, ambacho mteja atakishika kabla ya kutoa pesa. La pili, duka la chini lipokee vile saba vya shahidi wangu, Nalongo wa ghorofa ya tatu, ambaye ameweka sahihi yake hapa chini ya yangu. Sijiombei kitu, mimi nimekwishapata kipanya.

Nitakuja Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi kuchukua jibu kwa maandishi. Kama halijaandikwa, nitakaa kwenye benchi lenu nikisubiri liandikwe, na nitanyonyesha hapo hapo."