Olimpiki Iliyompa Dada Yangu Jina

Hadi leo nikipita karibu na kiwanda cha sukari nguru, ile harufu nzito ya miwa ikichemka ikinipiga puani, nasikia mtoto mchanga akilia. Si ati nimerogwa. Ni kwamba mwaka ule wa Olimpiki, pale kwetu Uriri, hivyo vitu viwili vilikuja pamoja, na kichwa changu hakijawahi kuvitenganisha. Shule zilikuwa zimefungwa, miwa inakatwa, jua linachoma asubuhi na mvua inapiga mabati jioni, na Mama alikuwa amejifungua msichana wiki ile ile michezo ilipoanza. Mtoto alikuwa na mapafu ya trekta. Akianza kulia, majirani wa ng'ambo ya mto walikuwa wanauliza kesho yake kama tumefiwa. Mimi nilikuwa darasa la tano, na niseme mapema kwamba hapo nilikuwa nimefika nusu ya safari yangu yote ya masomo, maana nilisukuma mpaka kidato cha pili, shule ikanichoka. Kwa hivyo msomaji ukikuta koma imekaa pahali pabaya, ihurumie tu, nayo haikusoma.

Baba aliendesha trekta ya kubeba miwa, na kijiji kizima kilimwita Dereva, hata padri. Alikuwa na TV ndogo yenye mgongo mkubwa, isiyo na rangi, inayokula betri ya gari. Dhahabu, fedha na shaba, kwetu zote zilikuwa rangi ya majivu. Bendera pia zilikuwa majivu, na mara mbili tulishangilia kwa nguvu zetu zote mtu wa nchi nyingine kabisa. Lakini ndiyo ilikuwa TV ya pekee upande wetu, kwa hivyo kila jioni nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia magunia ya mahindi. Kiti kimoja tu kilikuwa na mgongo, na hicho kilikuwa cha Mzee Salim, mtu wa pwani aliyeuza misumari na mabati pale senta. Yeye ndiye alituchajia betri dukani kwake. Kwa heshima yake tulijikaza kuongea Kiswahili nyumba nzima, naye akijikaza kukisikiliza, maana Kiswahili chetu kilimuuma kama jino bovu.

Sasa, kwetu Waluo mtoto hapewi jina ovyo. Mtu aliyekufa anaweza kuja ndotoni kudai jina lake lirudi nyumbani. Mtoto naye akilia sana, wazee wanamtajia waliotangulia, jina baada ya jina, na pale atakaponyamaza, basi huyo ndiye amekuja. Mimi, kwa mfano, walisema nilinyamaza kwenye jina la Ogola, babu wa Baba, mzee aliyesifika kata nzima kwa kulala mchana. Kazi yake nimeiendeleza vizuri. Basi Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amemwota mama yake, marehemu Aloo, amesimama mlangoni na mtungi mtupu, haingii, haondoki. Akamwinamia mtoto akaita, "Aloo." Mtoto akanyamaza. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto alikuwa ndiyo tu ameshika titi. Dani alimtazama Mama vile mtu anatazama omena, dagaa wetu wa ziwani, iliyolowa mvua. Kwake yeye halikuwa jambo la mzaha. Jina lisipotolewa, mama yake atabaki hapo nje na mtungi wake, na mtoto atalia mpaka augue.

Baba naye alisema jina litatoka, lisikimbizwe. Kumbe yeye ndiye angelikimbiza. Ilifika jioni ya mita elfu kumi za wanawake, na wasichana wetu watatu walikuwa mbele tangu mwanzo, wamepangana vizuri kama ng'ombe wanaojua njia ya kwenda mtoni. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu mizunguko, nikapotea kabla hata jasho halijawatoka. Chumba kilikuwa moto. Mtoto analia kwa Mama, watu wanapiga makofi, na kila mzunguko kifua cha Baba kinazidi kufura, mpaka akapanda juu ya kigoda.

"Sikizeni nyinyi wote!" akasema. "Huyu msichana wangu, yule atashinda hii mbio ndiye jina yake. Nimesema!"

"Dereva," Mzee Salim akamwambia bila kutoa macho kwa TV, "ahadi ni deni. Ngoja kwanza wafike."

"Wafike wapi tena, Mzee? Si ni sisi tu hapo mbele? Hebu chagua mwenyewe kati ya hao watatu."

"Na mama yangu?" Dani akauliza kutoka kwenye mkeka wake. "Abaki mlangoni?"

"Mama, mama yako atangojea mtoto mwingine."

Nyumba ikacheka. Dani hakucheka. Nyuma ya wasichana wetu kulikuwa na mzungu mmoja mwembamba, mdomo wazi, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayekunywa maji. Mtu akauliza huyo naye anafuata nini. Baba akasema huyo amepotea njia, mwacheni. Waswahili walisema kutangulia si kufika, lakini walisema hivyo mbali na Uriri, hatukusikia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, yule kuku akainua kichwa. Akampita wa tatu. Akampita wa pili. Kwenye kona ya mwisho alikuwa bega kwa bega na wa kwanza, na sisi tulikuwa tumesimama wote, hata Mzee Salim, tukipiga kelele ya kusukuma TV. Tulisukuma vibaya. Mzungu alivuka mstari mbele, akaanguka kwenye nyasi, na nyumba ikawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Waliobaki kusema walikuwa wawili tu, mtoto wetu na mtangazaji, na mtangazaji alirudia jina moja kana kwamba amelipwa kwa kulirudia: Gudrun! Gudrun! Gudrun!

Mzee Salim alivua kofia, akajipangusa paji la uso, akaivaa tena polepole. "Dereva," akasema kwa adabu kubwa sana, "tujulishe basi. Binti anaitwaje?"

Hapo ndipo nilimwona baba yangu akiwa mdogo. Hakuwa na shamba kubwa wala ng'ombe wa kuhesabika. Alichokuwa nacho ni neno lake. Akisema miwa yako nitaibeba Jumanne, ulilala, maana Jumanne ungeamshwa na trekta. Na sasa neno hilo lilikuwa limetoka mbele ya watu wote anaowabebea miwa. Alishuka kwenye kigoda, akaenda mpaka kwa Mama, akamwinamia mtoto. Akajaribu mara ya kwanza ulimi ukakwama. Mara ya pili likatoka kwa mwendo wa kwetu.

"Guduruni."

Mtoto akapata kwikwi moja. Akanyamaza.

Watu walipiga mayowe kuliko vile wangepiga kwa dhahabu. Walirukaruka, mtu akapasua gunia. Mimi nilikuwa naruka pia, hata sijui kwa nini, nilipoona Dani amesimama katikati ya chumba na kidole chake kinaonyesha TV.

"Huyo Guduruni alikufa lini?" akauliza.

Vichwa vikageukia TV.

"Nauliza! Amezikwa wapi? Ni wa ukoo gani? Mnapea mtoto jina ya mtu yuko hai, mtu mwenye saa hii anakunywa maji!"

Na kweli, pale kwenye kioo, mzungu alikuwa ameketi na chupa anakunywa maji. Hata Mzee Salim, aliyekuwa na methali ya kila kitu, alijikuna shavu tu.

Dani hakumsemesha Baba mpaka Olimpiki ikaisha. Lakini hakukosa hata jioni moja. Alikuja na mkeka wake, akaketi akimpa Baba mgongo na TV uso, na wetu wakishinda alipiga kigelegele kisha akanyamaza ghafla, akikumbuka amekasirika. Padri alipobatiza aliandika majina yote mawili, Gudrun na Aloo, na kila upande ukadai kwamba jina lake ndilo la kweli na lile lingine ni la karatasi. Kijiji kililikata jina kikamwita Gudu. Baba aliita Guduruni, Dani akaita Aloo, na mtoto alimwitikia yeyote mwenye chakula. Waliodhani jina lingemletea miguu walifedheheka. Dada yangu hajawahi kuwahi kitu. Tukienda kisimani alipumzika mara ngapi sijui, na hata leo kwenye matanga yeye hufika watu wakila.

Dani alituacha miaka kadhaa iliyopita, akimwita dada yangu Aloo mpaka mwisho. Gudu sasa anaishi Homa Bay, ana saluni, na ana TV bapa pana kama mlango, yenye rangi zote mpaka nyingine sizijui kwa jina. Olimpiki hii iliyopita nilipanda gari kwenda kwake, nikitegemea kelele za zamani. Tulikuwa watu wanne kwenye viti vya kitambaa, kila mmoja na simu yake, na hakuna gunia hata moja la kukalia. Picha yetu ilikuja ikichelewa, kwa hivyo jirani alishangilia kabla ya sisi kuona. Betri haiishi, picha haichezi, na ushindi unatufikia umeshanuswa na mwingine. Sisemi ni vibaya. Sofa ni tamu, na mtu wa jina la Ogola anajua thamani ya sofa.

Gudu mwenyewe alikuwa amejifungua, msichana, na mapafu yalikuwa yale yale. Shemeji yangu, mtu mpole, aliona wetu wako mbele, akachangamka, akafungua mdomo. "Mnajua, huyu mtoto nitampa jina ya..."

"Nyamaza!" Gudu akamrushia mto. Ni mara ya kwanza nimemwona akifanya kitu haraka.

Mtoto alikuwa amekasirika na dunia nzima. Nikasema hebu tumsaidie, nikainama nikamtajia jina langu, Ogola. Alilia zaidi, nadhani kwa hofu ya maisha yake ya baadaye. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Gudu akamvuta mtoto karibu, akamwambia sikioni, taratibu, vile Dani alivyokuwa akisema akimpozea uji.

"Aloo. Ingia."

Akanyamaza. Kama ni jina au ni titi, siwezi kuapa, maana vyote vilifika pamoja, na mimi sikufika kidato cha kufundishwa hayo. Shemeji akaweka simu chini. Sote tulikuwa tumemwinamia mtoto, vichwa vinagongana, wakati jirani alipopasua mayowe ya dhahabu ng'ambo ya ukuta. Hakuna aliyeinua kichwa kuuliza ni nani ameshinda.