Ndoo ya Mabovu

Nianze na yale ambayo hakuna wa kunibishia. Nilitoka kijijini kwetu upande wa Ikungi na begi moja, nikarudi kutoka Afrika Kusini na stashahada ya ufundi mitambo na fedha za kujenga nyumba Utemini, Singida mjini. Kule nilifanya kazi miaka mingi katika klabu ya shabaha, nikichambua maganda ya risasi za bastola yaliyokwisha kutumika ili yanayofaa yakajazwe upya. Nina jicho ambalo Singida nzima hakuna mwingine analo. Siombi radhi kwa kusema hivyo.

Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa inafundisha walinzi wake kulenga shabaha nje ya mji. Maganda yalikusanywa, yakachambuliwa, kisha yakapelekwa kwenye kiwanda chenye kibali cha kuyajaza. Waliposikia habari zangu walinifuata wenyewe, wakaniweka msimamizi wa chumba cha kuchambulia.

Kwanza unapitisha sumaku, ganda la chuma linanasa na kutolewa. Halafu unatazama mdomo, kwa sababu ufa wake huwa mwembamba kama unywele. Unatazama karibu na kitako: ukiona mstari unaong'aa kuzunguka ganda, hapo shaba imekonda, itakuja kukatika. Lililovimba halina mjadala. Mengine unayatikisa kiganjani, na lenye ufa linajisema lenyewe, halilii kama wenzake. Yote mabovu yanaingia kwenye ndoo moja nyekundu pembeni ya meza.

Na kulikuwa na kanuni: sinia la kila mchambuzi linamwagwa mezani mbele yake, msimamizi analipitia, ndipo anasaini karatasi inayosafiri na sinia hilo. Kanuni hiyo niliiandika mimi na kuibandika ukutani kwa mkono wangu.

Kisha ukoo ukaniletea baba mdogo. Mdogo wake marehemu baba, na tangu msiba ule yeye ndiye baba. Mvua zilikuwa zimemkatalia miaka miwili mfululizo, alizeti ikamnyaukia shambani. Nikamwombea kazi, akapata. Hata bati za nyumba yake nilinunua mimi.

Siku ya kwanza aliponikabidhi sinia lake, mkono wangu ulikataa kulimwaga. Kwetu mtoto haaniki kazi ya baba yake mbele za watu akaokota makosa moja moja. Nikasaini. Mama mmoja aliyekuwa akichambua meza ya pili akaguna.

"Mhandisi, mimi unanimwagia sinia zima. Mzee unammiminia chai."

"Fanya kazi, mama."

"Naifanya. Na mimi niongezee sukari basi."

Nilikuwa na njia yangu. Baba mdogo alikuwa akienda msikitini adhuhuri. Akitoka tu, nilichukua sinia lake na kulipitia mbiombio. Wiki ya kwanza nilitoa maganda mawili. Baadaye matano, baadaye konzi nzima. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Nilitupa mabovu kwenye ndoo nyekundu, na aliporudi nilimpokea kwa maji ya kunywa na maneno mazuri. Niliona ninamsitiri.

Siku moja adhana ilipolia hakuinuka. Lori la kiwanda lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi.

"Baba, adhuhuri imeingia."

"Nimesikia."

"Huendi leo?"

"Nitasali hapa hapa. Wewe endelea na kazi yako."

Akaweka mikono magotini, akanitazama. Yule mama naye aliacha kuchambua. Nilishika sinia, nikaligeuza kidogo kuelekea mezani, nikalirudisha. Nikasaini.

Kiwanda kilirudisha mzigo mzima. Bosi alituita ofisini, akamwaga mezani maganda yenye nyufa kutoka sinia moja.

"Haya ni ya nani?"

"Yangu," akasema baba mdogo.

"Na sahihi?"

"Ya mwenye stashahada. Macho yangu anayajua. Ndiyo maana akawekwa yeye."

Bosi akanigeukia. "Uliyapitia?"

Ningesema nimeyapitia, ingekuwa jicho langu limeshindwa. Hilo sikubali hadi leo. Nikasema, "Sikuyapitia." Nikafukuzwa kazi mchana ule ule, kwa kusaini nisichokiona.

Baba mdogo alinifuata hadi getini. Alianza kwa Kinyaturu, akaona mlinzi anasikiliza, naye pia ni Mnyaturu, akahamia Kiswahili, kana kwamba kingesaidia.

"Ulifikiri sijui? Nilikuwa nikirudi kusali nakuta ndoo ya mabovu imepanda. Ndoo haijijazi."

"Nilikuwa nakusitiri, baba."

"Kwa nani? Yule mama alijua. Huyu mlinzi hapa anajua. Siku ile nilikaa nione kama utanimwagia sinia mbele yangu, au utaendelea kunizunguka kama mwizi wa kuku."

"Na kama ningemwaga?"



"Ningekasirika," akasema. "Mwaka mzima nisingekula kwako."

Sasa nachomelea mageti Utemini, na mageti yangu yanafahamika. Bosi alimnunulia baba mdogo miwani na kumbakiza kazini. Anayesaini ni yule mama, na nasikia anamwaga sinia la kila mtu. Kanuni yangu bado iko ukutani.

Juzi alinikuta nimeketi harusini kwa binamu yangu. Nikainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akasukuma miwani juu ya pua, akanipima kuanzia viatu hadi kichwani. "Siku hizi nakuona vizuri, mwanangu. Umekonda."

Meza nzima ikacheka. Viti vilikuwa vimejaa. Nikasimama, nikampa changu.