Mkono Uliokuwa Ukichoka

Mwalimu Kobina Essuman alikuwa na mdomo uliofanya kazi kuliko vidole vyake, na mtaa mzima wa Bakaano ulilijua hilo isipokuwa yeye. Kibao cha mlangoni kilisema "Chuo cha Muziki". Chuo chenyewe kilikuwa sebule, kinanda kikuukuu cha upepo, na mkewe Araba.

Makanyagio ya kukitia kinanda upepo yalikufa zamani, basi Araba aliketi ubavuni juu ya kigoda akivukuta kwa mkono. Mwanafunzi akikosea, alikata pumzi. Kinanda kikanyamaza ghafla, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na mwanafunzi akarudia. Wakati huo Mwalimu yuko dirishani, anahubiri habari za uzuri wa muziki.

"Araba, umesinzia tena?"

"Mkono umechoka, baba."

Wanafunzi wakauma midomo wasicheke.

Hivyo ndivyo makanisa ya Cape Coast yalivyojaa wapiga vinanda wa Mwalimu Essuman, na kichwa chake kikavimba hadi kofia zikamkataa.

Kisha Araba akafa. Mji ukavaa nyeusi na nyekundu, ukalia, ukala, ukacheza, ukaenda zake. Mwalimu akamwita fundi wa friji, akafungiwa mota ya kupuliza. Mota haikuchoka mkono. Ukipatia, ilipuliza, ukiharibu, ilipuliza vilevile. Sikukuu ya mavuno ilipofika, mwanafunzi wake mmoja aliharibu wimbo kanisani hadi kwaya ikafunga vitabu. Wazazi wakachukua watoto wao mmoja mmoja. Akabaki Esi Bentsiwa, muuza dokono, yale madonge ya mahindi yaliyochachushwa, mama mzima mwenye vidole vilivyoungua kwa mvuke. Naye akiondoka, hakuna chuo.

Jumatatu moja umeme ukakatika katikati ya somo. Mwalimu akakikalia kigoda cha Araba kwa mara ya kwanza maishani mwake, akavukuta. Baada ya kitambo akakata.

"Mwalimu, mbona hapo sikukosea?"

"Mkono umechoka."

Esi akaendelea, kisha akasimama mwenyewe. "Hapa sasa nimeharibu, na wewe umeniachia. Mama Araba angekata."

"Angekata makusudi?"

"Ai, Mwalimu! Wewe ulidhani kweli anasinzia? Miaka yote hiyo, mama wa watu asinzie palepale tunapokosea?"

Mwalimu akauachia mpini wa kuvukutia. Akainuka, akamwashiria Esi akae kigodani, akaanza kuupiga wimbo aliompigia Araba siku ya harusi yao. Mstari wa tatu, pumzi ikakatika.

"Umekosea, Mwalimu."

"Wimbo huu nimeupiga tangu ujana. Araba hakunikata hata siku moja."

"Najua. Nilimuuliza. Akasema, huyu mwache."

Akarudia. Mstari wa tatu, kimya. Akarudia tena. Kimya. Esi akaanza kulia huku mkono uko kwenye mpini, maana kukata anakata, lakini moyo haumpi.

"Usiniachie," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo. Hakupatia hata mara moja.

Esi alipojitwika beseni lake la dokono, alimkuta barazani anang'oa misumari ya kibao.

"Mwalimu, unafunga chuo?"

"Usiniite hivyo," akajibu bila kugeuka. "Mwalimu si tulimzika?"